Musituhesabie robine



Ile picha munaijua. Mukubwa anafika na jipi, watoto wa shule wanapangwa ku pande mbili za barabara, riboni inakatwa, robine inafunguliwa, maji inatoka, watu wanapiga makofi. Kesho yake picha iko ku mitandao yote: maji kwa wananchi. Nyuma ya wiki tatu tunapita pale. Robine imekauka, ao iko na kufuli, ao maji inatoka saa nane za usiku, saa ambayo hakuna musichana anaweza kutoka nyumbani bila woga. Lakini mu rapoti ya mukubwa robine ile imekwisha kuhesabiwa, na itaendelea kuhesabiwa miaka yote.

Tunaandika leo juu ya hesabu hiyo. Wengi wenu munatuuliza: "Nyinyi munataka nini hata? Serikali ikileta kitu munapinga, isipoleta munapinga." Ni ulizo la haki na linahitaji jibu la kweli. Jibu letu linapita kwa muzee mumoja wa Uhindi anayeitwa Amartya Sen na mama mumoja wa Marekani anayeitwa Martha Nussbaum. Musikimbie. Filozofia si mali ya watu wa iniversite peke yao, na hii hasa ilianza mbali na darasa, ilianza na mutu aliyekuwa akitoka damu mu kiwanja.

Sen alizaliwa mwaka 1933 ku Bengal, wakati Uhindi ilikuwa bado chini ya Waingereza. Alipokuwa mutoto wa miaka kumi hivi, mu muji wa Dhaka, mwanaume mumoja aliingia ku kiwanja cha nyumba yao akiwa amechomwa visu. Jina lake Kader Mia. Alikuwa Muislamu, kibarua, na muji ulikuwa ndani ya vurugu, Wahindu na Waislamu wanauana. Bibi yake alimuambia asiende ku kartie ya Wahindu siku hiyo. Lakini ku nyumba watoto hawakuwa na kitu cha kula, na kazi ndogo ilikuwa imepatikana kule. Akaenda. Baba ya Sen alimupeleka ku hospitali, akafia kule.

Watu wa Beni na wa Ituri hawahitaji tuwaeleze maana ya habari hii. Kila siku ya kazi kuna mama anayejua vizuri kama shamba lake liko fasi wanaume wenye mapanga wanapita, na anakwenda, juu mihogo haiji yenyewe ku nyungu. Mutu wa inje atasema: alichagua mwenyewe. Sen, alipokuwa mukubwa na mwalimu wa uchumi, alikataa neno hilo. Kader Mia alipoteza uhai juu ya umasikini wake. Kukosa uhuru wa kula kulimunyanganya uhuru wa kuishi. Umasikini si paka kukosa franga. Ni kukosa njia ya kusema hapana.

Mwaka 1943, mwaka mumoja hivi mbele ya mambo hayo, njaa iliua watu wengi sana ku Bengal. Sen mwenyewe anafikiri walifikia karibu milioni 3. Serikali ya wakoloni ilifikiri kama shida ni chakula kupunguka. Mu kitabu chake cha mwaka 1981 Sen alipiga hesabu tena na kuonyesha kitu kingine: chakula hakikupunguka kiasi cha kuua watu hivyo. Bei zilipanda juu ya vita, mushahara wa kibarua wa kijiji ukabaki chini. Muchele ulikuwa ku soko. Uwezo wa kuufikia njo haukuwa.

Shikeni neno hilo, uwezo, juu njo neno lenyewe. Mwaka 1971 Mumarekani John Rawls alikuwa ametoa kitabu kikubwa juu ya haki. Kwa ufupi sana, alisema jamii ya haki inapashwa kugawanya vizuri mali za musingi: uhuru, nafasi, mapato, na vile vinavyomupa mutu heshima. Sen alimuheshimu sana Rawls. Lakini mwaka 1979, ku iniversite ya Stanford, aliuliza: usawa, sawa, lakini usawa wa nini? Juu ukiwapa watu wawili kitu kilekile, haimaanishi wote wawili wanaweza kufanya jambo lilelile. Mwenye ulemavu anahitaji mengi zaidi ili afike fasi moja na mwenye miguu mizima. Mama mwenye mimba anahitaji chakula kuliko kijana anayekaa.

Sen anapenda kutoa mufano wa kinga. Sisi huku tuchukue chukudu. Chukudu ni muti, misumari, na kipande cha pineu ku magurudumu. Kwa kijana mwenye nguvu anayeshuka kutoka Kibumba na mifuko ya makala ao shu za kuuzisha Goma, chukudu ni kazi, ni minerval ya watoto, ni nyumba ya mabati. Mupe muzee wa miaka sabini chukudu hiyohiyo: ni kuni. Mupe kijana lakini ukate barabara, weka barieri tano, kila barieri wanamuomba kitu: chukudu iko, kazi haiko. Mupe musichana mu kartie ambako watamucheka paka akiigusa. Kitu ni kimoja. Kinachobadilika ni mwili wa mutu, barabara, desturi, usalama, na tabia ya wale walio na bunduki. Kwa hiyo, Sen anasema, ukitaka kujua kama kuna haki, usiangalie kitu peke yake. Angalia kila mutu anaweza kuwa nani na kufanya nini nacho, kweli kweli.

Na kuna jambo la pili, ambalo tunaona watu wanalisahau. Mutu anayefunga kwa maombi na mutu asiye na chakula, ukiwapima tumbo ni sawa. Lakini mumoja anaweza kula akitaka. Njo maana haitoshi kuuliza mutu yuko aje leo. Ni lazima kuuliza pia alikuwa na mulango gani mwingine. Tunaona vijana wanapanda asubuhi kwa miguu kutoka Ndosho mupaka katikati ya muji. Mumoja anafanya mazoezi. Mwingine hana franga ya moto. Wapita njia wanaona vijana wawili wanaotembea.

Sasa turudi ku robine.

Goma imekaa ku kando ya Ziwa Kivu. Maji tamu, kilomita na kilomita, unaiona kutoka ku dirisha. Na mu muji huohuo watu wanabeba bidoni za litre 20 ku kichwa, watoto wanachota ku ziwa maji isiyotiwa dawa, na kolera inarudi kila mara. Ukiuliza kama kuna maji, jibu ni ndiyo, maji iko mingi kuliko sisi wote. Ukiuliza kama kuna robine, jibu ni ndiyo, tena namba imeandikwa. Ukiuliza kama mama wa avenyu ya juu kule ku mawe ya volkano anaweza kunywesha watoto maji safi leo, bila kutumia nusu ya siku, bila kulipa pesa iliyopaswa kununua unga, bila kumuondoa binti yake ku masomo, hapo jibu linabadilika. Katiba ya mwaka 2006, ku kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji ya kunywa na umeme imehakikishwa. Haisemi haki ya kuonyeshwa robine.

Masomo ya bure nayo ni vilevile. Kifungu cha 43 kilisema shule ya musingi ya serikali ni ya lazima na ni ya bure, na ilibidi kungojea mwaka wa masomo ulioanza mwezi wa tisa 2019 ili serikali ianze kuitimiza kweli. Tuliifurahia, na tunaendelea kuitetea: kuna watoto waliokuwa wakiuza makarakara ku barabara ambao leo wanajua kusoma jina lao. Lakini mutoto aliyebanwa na wenzake wanne ku banki moja, mbele ya mwalimu anayengojea mushahara, ameandikishwa. Kama anajifunza, hilo ni ulizo lingine. Wizara inahesabu waliokaa. Sisi tunataka wahesabu wanaojua kusoma.

Na kama mutu anafikiri haya ni maneno ya masikini tu, akumbuke mwezi wa kwanza 2025. M23 walipoingia Goma, benki zilifunga milango. Watu wenye mushahara, watu wa biashara, watu ambao mbele ya hapo hawakuwahi kupanga foleni juu ya kitu chochote, walikuwa na pesa yao yote, namba kamili ku kompyuta. Hawakuweza kununua mukate nayo. Siku zile muji muzima ulifahamu Sen bila kumusoma.

Sehemu inayotuuma zaidi ni hii inayofuata, juu inatuhusu sisi wenyewe.

Pitieni ku kartie na muulize: "Mama, maji iko aje?" Wengi watakujibu: "Aa, tulishazoea." Wageni wanaliandika hilo ndani ya makitabu yao na kulipa jina zuri, rezilianse. Wakongomani wanasifiwa ulimwengu muzima kwa rezilianse, kama vile ni dansi yetu ya asili. Sisi nasi tunacheka na Artikle 15, jipange, kila mutu ajitafutie, na tunaifanyia majoke. Lakini Sen na Nussbaum wote wawili wanatuonya: mutu aliyenyimwa muda murefu anapunguza ndoto yake ili imutoshe, na ukimuuliza kama ana furaha atasema ndiyo. Sen anatoa habari ya uchunguzi mumoja wa mwaka 1944 huko Bengal, nyuma ya njaa. Waliuliza wanaume waliofiwa na bibi zao, na wanawake wajane, juu ya afya yao. Karibu nusu ya wanaume walilalamika. Wanawake karibu hakuna aliyelalamika. Je, wajane njo walikuwa na afya kuliko wanaume? Hapana. Walikuwa wamefundishwa tangu utoto kama mwili wao si jambo la kuongelea.

Njo maana hatukubali jibu la viongozi wanaotuambia: "Watu hawalalamiki, ni nyinyi tu vijana wa kelele." Unyamavu wa mama hauwezi kuwa sahihi yake ku mukataba. Na hatukubali vilevile ile furaha ya siku moja ya kampanye, tee-shati, kilo mbili za muchele, mafuta ya kupika. Watu wanaipokea, na hatuwalaumu, njaa haina aibu. Lakini mutu anayefurahia kilo mbili za muchele kila miaka mitano, furaha yake inatuambia amezoea kupata kidogo namna gani. Haituambii kama deputé amefanya kazi.

Hapa ndani ya mwendo wetu wenyewe kuna mabishano, na hatutaki kuyaficha. Nussbaum aliandika liste ya mambo kumi ambayo kila mutu anapaswa kuyaweza ili maisha yake yawe maisha ya mutu: kuishi bila kufa mbele ya wakati, afya, mwili usioguswa kwa nguvu, kufikiri, kupenda, kupanga maisha yake, kuishi na wengine kwa heshima, kuishi na wanyama na mimea, kucheka na kucheza, na kuwa na neno juu ya siasa na mali zinazomuzunguka. (Ndiyo, kucheza imo. Kwa mutoto wa kambi ya wakimbizi si muchezo hata kidogo.) Sen yeye alikataa kufunga liste. Anasema watu wenyewe wabishane wazi, kila fasi na kila wakati, ni yapi yanatangulia.

Wenzetu wengine wanapenda liste, juu ukiwa na liste unaweza kumufuata kiongozi nayo ku mukono. Wengine wanasema liste iliyoandikwa Chicago haijui kartie yetu. Sisi tunaegemea kwa Sen, isipokuwa fasi moja: mwili wa mutu. Kama tutapiga kura ku avenyu kujua kama msichana ana haki ya kutobakwa ku njia ya maji, hiyo si demokrasia. Hapo Nussbaum ana haki, kuna sakafu ambayo haipigiwi kura. Juu ya sakafu hiyo, watu waongee.

Watu waongee, ndiyo, na hapo tunafika ku hadisi ya zamani tunayoambiwa kila mara: "Kwanza maji, kwanza usalama, mambo ya uhuru wa kusema tutaona nyuma." Tuliisikia kwa kila utawala, na tunaisikia leo kwa kila mwenye bunduki, wa upande wowote. Ni uongo, na Bengal inaonyesha kwa nini. Mu 1943 magazeti yalikuwa yamefungwa midomo. Serikali ya Waingereza ilianza kuamuka kweli wakati gazeti moja la Calcutta, The Statesman, lilikataa kunyamaza na kuonyesha watu picha za maiti. Sen anasema hakuna njaa kubwa iliyowahi kutokea fasi kuna demokrasia inayofanya kazi na magazeti huru. Uhindi tangu uhuru wa 1947 imebaki na masikini wengi sana, lakini njaa ya namna ile haijarudi. Anayeogopa gazeti na kura anaogopa watu wasikufe kimya. Kwa hiyo vijana wanaokamatwa juu walibeba bidoni tupu mbele ya ofisi ya mukubwa hawakufanya siasa kando ya maji. Bidoni ile tupu njo mwanzo wa maji.

Hatusemi Sen amemaliza yote. Kuna jambo anatuachia sisi. Anatufundisha kupima kidonda vizuri, lakini haongei sana juu ya mwenye kisu. Wakimbizi wa Masisi uwezo wao haukupotea njiani kama funguo. Kuna walioukamata, na wengine wanauuza ndani ya mifuko ya koltan kutoka Rubaya. Mupimaji anayeonyesha mutu anakosa nini bila kuonyesha nani anakula hapo, atatufanya paka watu wa kuhurumiwa. Mwaka 1990 Mupakistani Mahbub ul Haq, rafiki ya Sen, alianzisha ku Umoja wa Mataifa ile rapoti inayopanga inchi kwa urefu wa maisha, masomo na mapato. Sen mwenyewe mwanzoni hakuipenda, aliona namba moja haitoshi kusema maisha ya watu. Kongo inakaa ku mwisho-mwisho wa liste hiyo mwaka kwa mwaka. Ni kweli. Lakini rapoti haisemi nani alitusukuma kule.

Basi tunataka nini? Tunataka kubadilisha hesabu. Kuanzia sasa, kila kazi ya serikali ao ya projé itakayofunguliwa ku kartie zetu, hatutauliza ilikula pesa ngapi tu. Tutarudi pale nyuma ya mwezi mumoja na nyuma ya miezi sita. Tutauliza maji inatoka saa ngapi, bidoni moja inalipwa ngapi, nani anabeba, muzee asiye na mutoto anaipata aje, na musichana aliyekuwa akichota asubuhi amerudi ku masomo ao bado. Majibu tutayaandika hapahapa, kartie kwa kartie. Robine yenye majibu mabaya tutaitoa ku hesabu, hata kama riboni yake ilikatwa na nani.

Kwa kuanza, kila kartie itakutana kupanga liste yake yenyewe: mambo gani mutu wa hapa anapashwa kuyaweza mbele ya yote. Wenzetu walipendekeza mukutano uwe saa moja za asubuhi, vijana wakiwa bado na nguvu. Tumekataa, juu saa hiyo mama na wasichana wako ku foleni ya maji, na liste ingeandikwa na wanaume peke yao. Itakuwa siku ya yenga, saa nane za muchana. Anayeweza, aje kwanza asaidie jirani yake kubeba bidoni, halafu waje pamoja.